Kaka anataka tugawane mawe ya marehemu baba kwa mizani

SWALI

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mama wa miaka 38, ninaishi Kirumba hapa jijini Mwanza, na riziki yangu naipata kwa kuuza dagaa na kayabo pale Mwaloni. Baba yetu alifariki mwaka jana. Katika ujana wake alikuwa dalali wa mawe ya vito, akizunguka Arusha, Tunduru na wakati mwingine hadi ng'ambo ya mpaka huko Msumbiji, kabla ya kurudi nyumbani kwa ajili ya uzee wake. Hakutuachia nyumba kubwa wala mashamba mengi, ila katika kopo la maziwa ya unga mama alikuta mawe matatu, kila moja likiwa limefungwa katika karatasi nyeupe iliyokunjwa vizuri, yenye karatasi nyingine laini ya rangi ya samawati kwa ndani. Juu ya kila moja baba alikuwa ameandika neno "akwa" na uzito wake.

La kwanza limekwisha kukatwa na kung'arishwa, lina umbo la yai, na uzito wake umeandikwa kuwa karati 48 (karati tano ni gramu moja). Ni safi kabisa, halina doa, lakini rangi yake ni hafifu, kama maji yaliyodondoshewa tone moja la wino. La pili nalo limekatwa, lina umbo la mstatili na pembe zilizopunguzwa, uzito wake ni karati 6.5 tu, na rangi yake ni buluu iliyokolea sana. La tatu ni jiwe ghafi lenye pande sita kama penseli nene, lina gramu 31, lina rangi ya kijani inayoelekea buluu, na ndani yake zinaonekana nyuzi nyembamba zilizonyooka kwa urefu, pamoja na nyufa kadhaa upande mmoja wa mwisho.

Tuko watoto watatu. Kaka yangu mkubwa anasema mirathi hii ni rahisi kuigawa, kwa sababu mawe yana uzito na mizani haipendelei mtu. Kwa hesabu yake, yeye achukue lile la karati 48 kwa kuwa ndiye mkubwa, mdogo wetu wa kiume achukue lile ghafi la gramu 31, nami nichukue lile dogo, kwa maelezo kwamba mimi nimeolewa na jiwe dogo litanitosha kwa pete. Mdogo wangu hakuridhika, akasema lile jiwe kubwa la karati 48 lipelekwe kwa fundi likatwe vipande vitatu vilivyo sawa ili kila mtu apate chake. Mama anaelekea kukubaliana naye kwa sababu hataki ugomvi. Wakati huo huo amekuja mnunuzi mmoja aliyeyatazama mawe yote matatu kwa dakika chache, akayaweka pamoja kwenye mizani yake, akataja bei moja kwa kila gramu.

Mzee, mimi nimezoea mizani, kwa maana mwenye kilo nyingi za dagaa ndiye mwenye fedha nyingi. Naona ninapunjwa, kwa sababu gramu 1.3 si kitu mbele ya gramu 31. Je, nidai kwamba mawe yote yapimwe na kila mtu apewe uzito ulio sawa, au nikubali wazo la kulikata lile kubwa? Kikao cha familia ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Mama Dagaa, Kirumba

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Usidai mizani, na wala usikubali fundi aliguse lile jiwe kubwa. Ikiwa mawe hayo ni akwamarini ya kweli, kama marehemu alivyoandika kwa kifupi "akwa", basi kuna uwezekano mkubwa kwamba kaka yako, bila kujua, amekupangia jiwe lenye thamani kuliko mengine yote katika kopo hilo. Nitaeleza kwa nini, na baada ya hapo nitasema unachopaswa kuwaambia ndugu zako, maana jambo hilo nalo lina uzito wake.

Akwamarini ni aina ya madini yanayoitwa berili, yaani ni ndugu wa zumaridi, tumbo moja. Berili iliyo safi kabisa haina rangi yoyote, na tofauti ya ndugu hawa inatokana na vitu vidogo vilivyojipenyeza ndani yao wakati wa kukua: zumaridi hupata ukijani wake hasa kutokana na kromi au vanadi, na akwamarini hupata ubuluu wake kutokana na chuma. Chuma hicho kikiwa cha hali moja huleta buluu, na kikiwa cha hali nyingine huleta umanjano, na hali hizo mbili zikikutana katika jiwe moja ndipo tunapoona kijani cha maji ya bahari, ambacho ndicho kilicholipatia jiwe jina lake la Kilatini. Kwa hiyo mawe yenu mawili ya buluu na lile la kijani ni kitu kimoja kwa asili, na yametofautiana kwa kiasi cha chuma na kwa hali ya chuma hicho.

Sokoni, jambo la kwanza linaloulizwa kuhusu akwamarini ni rangi, na mengine yote hufuata nyuma. Jiwe lenye buluu safi iliyokolea, isiyo na ukijivu na yenye kijani kidogo sana au isiyo nacho kabisa, ndilo linalolipwa fedha nyingi kwa kila karati. Kadiri buluu inavyopauka, bei ya karati moja inashuka, na inashuka kwa kasi kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu akwamarini hafifu ni nyingi mno duniani, wakati ile iliyokolea ni chache. Usafi wa ndani una nafasi yake, lakini kwa akwamarini usafi ni jambo linalotarajiwa. Jiwe likiwa safi mnunuzi hamshangilii mtu, ila likiwa na doa linaloonekana kwa macho matupu hapo hapo anapunguza bei. Kwa hiyo usafi wa lile jiwe la kaka ni sifa njema, lakini haufidii rangi iliyopungua.

Sasa tuje kwenye ukubwa, ambako ndiko familia yenu ilikokwama. Wewe unaishi kando ya ziwa, na kwa hiyo utanielewa haraka. Ukichota maji ya ziwa kwa glasi na kuyainua juu, huoni rangi ya kutajika. Lakini ukiwa katikati ya safari ya Ukerewe na kuyatazama yale yale kutoka juu ya meli, unaona rangi nzito, ingawa anga nalo lina mchango wake. Maji ni yale yale, ila jicho linapita katika kina kirefu zaidi. Ndivyo lilivyo jiwe. Nuru inaingia kwa juu, inatembea ndani, inagonga nyuso za chini na kurudi machoni mwako, na kila inapotembea safari ndefu zaidi ndani ya jiwe inachukua rangi zaidi. Jiwe kubwa lina safari ndefu, na hivyo hata chuma kidogo kinatosha kulipa buluu inayoonekana. Jiwe dogo lina safari fupi, na ili lionekane limekolea ni lazima rangi yake yenyewe iwe na nguvu kweli.

Hiyo ndiyo sababu wafanyabiashara wa vito hushtuka wanapoona akwamarini iliyokolea ikiwa chini ya karati 5 au karibu na hapo. Mawe mengi ya ukubwa huo huonekana kama maji tu. Baadhi ya nchi za Afrika, zikiwamo Msumbiji, Nigeria na Madagaska, zimejijengea sifa kwa sababu machimbo yao yametoa mawe madogo yenye buluu kali, na katika biashara kuna hata jina la "Santa Maria ya Afrika" linalotumika kwa mawe kama hayo ya Msumbiji, likiazimwa kutoka Santa Maria de Itabira nchini Brazili, mahali palipopata umaarufu kwa akwamarini yake ya buluu nzito. Siwezi kusema jiwe lenu la karati 6.5 limetoka wapi, na uandike hivyo hivyo usije ukalipamba kwa jina ambalo huna ushahidi nalo. Lakini baba aliyekuwa akivuka kwenda Msumbiji alikuwa na njia ya kulipata.

Sasa tazama upande wa pili. Lile la karati 48 lina kina kirefu, pengine sentimita moja na nusu au zaidi, na bado rangi yake ni tone moja la wino katika maji. Maana yake ni kwamba rangi iliyomo ndani ni kidogo sana, na ukubwa umeshafanya kazi yake yote ya kuisaidia. Ndipo unapoona hatari ya wazo la mdogo wako. Fundi akilikata vipande vitatu, kwanza atapoteza sehemu ya uzito kuwa vumbi, kwa sababu kila kipande kitahitaji kuchongwa upya pande zote. Pili, safari ya nuru itafupishwa, na ule ubuluu kidogo uliopo utapungua zaidi. Mtabaki na mawe matatu yanayokaribia kutokuwa na rangi, ambayo jumla ya thamani yake itakuwa ndogo kuliko ya jiwe moja mlilokuwa nalo asubuhi. Dagaa ukimgawa mafungu matatu anabaki dagaa. Akwamarini hafifu ukiigawa unaiondolea hata kile kidogo kilichokuwa kinainunulisha.

Kuna jambo jingine kuhusu ukubwa ambalo hutofautisha akwamarini na vito vingine. Kwa yakuti nyekundu au zumaridi nzuri, jiwe kubwa ni adimu sana, na kwa hiyo bei ya karati moja hupanda kwa nguvu kila uzito unapoongezeka. Kwa akwamarini kupanda huko ni kwa polepole, na baada ya kiasi fulani, wengi husema kuanzia karati 25 au 30 hivi, bei ya karati moja inaweza hata kuanza kushuka. Sababu ni mbili. Kwanza, akwamarini huzaliwa katika miamba inayoitwa pegmatiti, ambayo ni sehemu ya mwisho kupoa ya matale (graniti) ya chini ya ardhi, yenye maji na madini mengi adimu, na humo fuwele hukua hadi kuwa kubwa ajabu. Mwaka 1910 huko Marambaia, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazili, lilipatikana jiwe moja lenye uzito wa kilo 110.5. Jiwe lililokatwa la akwamarini liitwalo Dom Pedro, ambalo pia asili yake ni Brazili na lilichongwa na fundi Mjerumani Bernd Munsteiner, lina karati 10,363 na urefu wa sentimita 35 hivi, na limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Pale mahali kilo ni jambo la kawaida, karati 48 hazimshangazi mtu. Sababu ya pili ni ya kawaida kabisa: jiwe la gramu karibu 10 halivaliki kwenye pete, na anayelinunua ni mtengeneza kidani au mkusanyaji, nao ni wachache.

(Msinielewe vibaya na kwenda kuvunja mawe ya Capri Point. Miamba yetu ya Mwanza ni matale kweli, na pegmatiti ni jamaa wa matale, lakini si kila ukoo una mtoto wa namna hiyo.)

Ili hesabu ionekane, niruhusu nitunge bei ambazo si za soko, ni za mfano tu. Tuseme akwamarini hafifu inauzwa shilingi 60,000 kwa karati na iliyokolea inauzwa shilingi 900,000 kwa karati. Jiwe la karati 48 litakuwa shilingi 2,880,000, na lile la karati 6.5 litakuwa shilingi 5,850,000. Dogo linazidi mara mbili ya kubwa, ingawa kwa mizani ni kama moja ya saba yake. Bei halisi zinaweza kuwa tofauti kabisa na hizi, juu au chini, lakini namna ya kuhesabu ndiyo hiyo: kwanza inapatikana bei ya karati moja kwa kuitazama rangi, kisha ndipo uzito unazidishwa. Mnunuzi aliyeyarundika mawe matatu kwenye mizani moja na kutaja bei moja ya gramu ama haijui kazi yake, ama anaijua vizuri sana. Mimi naelekea kwenye la pili.

Kabla ya kikao, yatoeni mawe kwenye zile karatasi. Karatasi ya samawati iliyo ndani ya bahasha za vito ina kazi: inaliazima jiwe hafifu rangi ambayo si yake. Marehemu hakuwa na nia mbaya, ndivyo wauzaji wote wanavyofungasha, lakini anayetaka ukweli hutazama jiwe juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa, mahali penye kivuli cha wazi, saa tatu au saa nne asubuhi, bila jua la moja kwa moja na bila taa ya njano ya sebuleni. Wekeni lile la karati 48 na lile la 6.5 bega kwa bega. Kisha wekeni kila moja juu ya maandishi ya gazeti. Ukiweza kusoma herufi vizuri kupitia katikati ya jiwe, ujue kwamba fundi alilikata kwa pembe zisizorudisha nuru, na hapo katikati jiwe litaonekana limefifia zaidi ya ilivyo rangi yake. Ikiwa lile kubwa lina kasoro hiyo, mkataji hodari anaweza kulirekebisha upande wa chini na kulipatia uhai kidogo kwa kupoteza karati chache. Huo ndio ukataji pekee ambao ningekubali uzungumzwe, na hata huo usifanywe kabla ya kulithamini.

Jiwe ghafi la gramu 31 ndilo gumu kulisemea, na kwa kweli ndilo lililonivutia zaidi katika barua yako. Gramu 31 ni karati 155, namba inayopendeza masikioni, lakini si karati za kuuza. Jiwe ghafi likipita kwa mkataji ni kawaida kupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, na lenye nyufa hupoteza zaidi, kwa sababu sehemu yenye nyufa hutupwa. Mwambie mdogo wako alishike, alitazame kwa ubavu, kisha alitazame kwa urefu kutoka kwenye kichwa chake, kama mtu anayechungulia bomba. Akwamarini huonyesha rangi mbili kulingana na upande unaotazama: kwa ubavu utaona rangi yake nzuri zaidi, na kwa kuchungulia kutoka kichwani huonekana imepauka. Ndiyo maana mkataji mwenye akili huuweka uso wa juu wa kito uende sambamba na urefu wa fuwele, na anayekosea hapo hutoa kito kilichofifia kutoka katika jiwe lililokuwa zuri.

Ukijani wake si lazima uwe mkosi. Sehemu kubwa ya akwamarini ya buluu inayouzwa duniani ilianza ikiwa na ukijani, ikapashwa moto wa kiasi cha nyuzi 400 hadi 450 za Selsiasi, ule umanjano ukaondoka na buluu ikabaki. Matokeo hayo ni ya kudumu, biashara inayakubali, na kwa kawaida hata maabara haiwezi kuutambua moto huo. Lakini nakuomba mtu yeyote asije akalitia jiwe hilo kwenye jiko la mkaa. Moto usiodhibitiwa hupanua nyufa, na jiwe lenye vimiminika vilivyonaswa ndani linaweza kupasuka. Tena, moto hauongezi buluu, unaondoa umanjano tu. Jiwe ambalo buluu yake ni chache litatoka motoni likiwa karibu halina rangi. Wapo pia wanunuzi wanaoupenda ukijani wa asili na wangesikitika kuuona umechomwa.

Zile nyuzi ulizozitaja ni vijitundu virefu vinavyofuata urefu wa fuwele. Zikiwa chache ni kasoro. Zikiwa nyingi na zimesongamana, mkataji anaweza kuacha kukata nyuso na badala yake kulichonga jiwe mgongo wa kobe, na hapo chini ya taa moja utatokea mstari wa nuru unaotembea juu ya jiwe, unaoitwa jicho la paka. Si kila jiwe lenye nyuzi linafaulu, na ndiyo sababu nasema jiwe hili lina bahati iliyofichika: linaweza kuwa la bei ndogo kuliko yote, na linaweza kuwashangaza.

Nimekuwa nikisema "ikiwa ni akwamarini". Topazi ya buluu, ambayo nyingi hutengenezwa kwa mnururisho (kupigwa mionzi) na moto kutoka topazi isiyo na rangi, hufanana nayo sana na ni ya bei ya chini zaidi. Kioo nacho hutumika kudanganyia. Kuna jaribio ambalo wewe, mtu wa mizani, utalifurahia. Nenda kwa sonara mwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Wekeni juu yake kikombe cha maji, irudisheni mizani kwenye sifuri, kisha lifungeni jiwe kwa uzi mwembamba na kulizamisha lote bila kugusa kitako wala ubavu wa kikombe. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Jiwe la karati 48 lina gramu 9.6, ikiwa ni akwamarini mtasoma karibu na 3.5, na ikiwa ni topazi mtasoma karibu na 2.7. Kioo husumbua kwa sababu uzito wake hubadilika kulingana na kilichochanganywa ndani, ila mara nyingi kwa lenzi ya sonara utaona viputo vya hewa vya mviringo. Kwa hiyo mizani yako ina kazi katika jambo hili, mwanangu, ila si ile aliyoifikiria kaka.

Kwa lile dogo lililokolea ningependa tahadhari moja ya ziada. Iko berili ya buluu nzito sana iitwayo Maxixe, ya asili au iliyonururishwa, ambayo rangi yake hufifia ikikaa kwenye mwanga, na jiwe lililokaa miaka katika kopo lisingekuwa limeonyesha tabia hiyo. Maabara huitambua. Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha kina wataalamu wa kutambua vito, na nauli ya kwenda huko si kitu ukilinganisha na kuuza jiwe msilolijua. Kabla ya kuuza chochote, msimamizi wa mirathi awe ameteuliwa na mahakama, na mpite kwenye ofisi ya Afisa Madini Mkazi hapa Mwanza mwulizwe na mwulize, kwa kuwa biashara ya madini nchini kwetu ina leseni na masoko yake maalumu, na mnunuzi anayekuja sebuleni na mizani mfukoni hapaswi kuwa ndiye anayewaeleza sheria.

Sasa kuhusu ndugu zako. Ungeweza kunyamaza, ukakubali jiwe dogo kwa uso wa huzuni, na miezi michache baadaye ukaliuza. Barua yako inaonyesha kwamba unachoogopa ni kupunjwa, na sidhani kama ungependa kupunja. Kwa hiyo waambie Jumamosi haya niliyoyaandika, tena mbele ya mama. Pendekeza mawe yathaminiwe moja moja, kila moja kwa bei yake ya karati, na baada ya hapo ama yauzwe yote mgawane fedha, ama kila mtu achukue jiwe alipendalo na aliyepata la thamani kubwa awafidie wenzake. Kaka akitaka kubaki na lile kubwa kwa ajili ya ukumbusho wa baba, mwacheni abaki nalo kwa thamani yake halisi, wala msimdhihaki kwa kulichagua. Hata mimi nilipoanza kazi ya usonara nilidhani kubwa ndilo bora, na somo hilo nililinunua kwa fedha yangu mwenyewe.

Mpaka majibu ya Arusha yatakapopatikana, yabaki kwa mama. Ila kila jiwe likae peke yake katika karatasi yake, na hasa lile dogo lisikutane na lile ghafi ndani ya kopo, kwa sababu ugumu wa akwamarini ni 7.5 hadi 8 katika kipimo cha ugumu wa madini cha 1 hadi 10, na akwamarini nyingine ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuikwaruza.